Kijiji Alichokigawa Cucu Waceke

Nzi ndio waliomwambia Waithira kwanza.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, na wewe unaijua baridi ya Ruiru ya mwezi wa saba, ile inayoingia mpaka ndani ya meno. Kijiji kizima kilikuwa kimetolewa nje kikapangwa mbele ya kituo cha askari. Wanaume walipitishwa mmoja mmoja mbele ya kiti cha mbao, na kwenye kiti hicho aliketi mtu wa gunia.

Mwaka ule wa hamsini na tano hakukuwa na mtoto asiyemjua mtu wa gunia. Gakunia, ndivyo watu walivyomwita kwa sauti ya chini. Alifunikwa gunia kutoka utosini hadi kiunoni, likatobolewa matundu mawili ya macho, na kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa tu, kuwaonyesha askari nani anawasaidia wapiganaji wa msituni. Aliyetikisiwa kichwa alitolewa kwenye mstari, akapelekwa nyuma ya kituo kwenye hema la kijani, na basi. Hukujua ndani ya gunia mna nani. Labda ni jirani uliyemwazima chumvi jana. Kwa hiyo watu walipita wakiangalia miguu yao, kila mmoja akijifanya mdogo kuliko alivyoumbwa.

Waithira hakuangalia miguu. Alikuwa amesimama upande wa wanawake, karibu kuliko siku nyingine zote, na macho yake yaliganda kwenye kisogo cha yule mtu. Nzi walikuwa wamejaa pale. Asubuhi ya baridi namna hiyo hata nzi wa chooni wamelala, lakini hawa walikuwa wanapanda na kushuka, wanaingia kwenye nyuzi za gunia na kutoka, kama watu kwenye mlango wa nyumba yenye arusi.

Tangu akibebwa mgongoni alifundishwa na nyanya yake, Cucu Waceke, kwamba irimu, yaani zimwi, lina vinywa viwili. Cha mbele ni cha kukuamkia. Cha nyuma, kisogoni, ni cha kukula. Linaweza kuvaa kofia, linaweza kufuga nywele, linaweza kujipaka mafuta ya mbarika likang'aa kama bwana arusi, lakini nzi halitawadanganya. Wanawake wa nyumba ya Waceke waliwinda mazimwi tangu zamani za zamani. Waithira mwenyewe, msichana wa miaka kumi na tisa, alikwisha kuliondoa moja kule Thika, kwenye maporomoko ya Chania, lililokuwa likivuta wafua nguo majini, na jingine kwenye shamba la mkonge. Lakini hayo yalikuwa yamejificha. Hili lilikuwa limekaa kitini mchana kweupe, na kituo kinalinywesha chai.

"Songa mbele!" alipiga kelele Githinji.

Githinji alikuwa ngati, askari wa kijiji. Alizaliwa ng'ambo ya mto tu, watu wote wamemwona akiwa hana suruali, lakini sasa alikuwa na bunduki na koti linalomfika kwenye visigino.

Aliyesonga mbele alikuwa Bedan, kaka yake Waithira. Bedan alikuwa na kikohozi siku hizo na koti lake la kahawia lilikosa kifungo cha juu. Alisimama mbele ya kiti. Nzi wakaruka wote mara moja, kisha wakatua. Gunia likainama na kuinuka.

Ndiyo.

Bedan aligeuka akamtafuta dada yake kwa macho, akakohoa, akashikwa bega akapelekwa kwenye hema. Kabla yake alikuwa ameenda Muigai fundi wa viti, na kabla ya Muigai, mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa na sauti nzuri ya kuimba.

"Githinji," Waithira alimwendea mstari ulipovunjwa, "kaka yangu anapelekwa wapi?"

"Kambini. Mbali. Kuna lori."

"Lori gani?"

"Lori, Waithira! Unataka nikwambie na rangi?"

Lakini kijiji kile kilizungukwa na mtaro mrefu kwenda chini, ambao wanakijiji walichimbishwa wenyewe na kuujaza miti iliyochongwa ncha. Njia ya kutoka ilikuwa moja, daraja la mbao. Waithira alikwenda akasimama darajani. Mvua ilikuwa imenyesha, tope laini kama uji. Aliona kwato za mbuzi, akaona nyayo za watu, akaona viatu vya Githinji vinavyolalia upande mmoja. Alama ya gurudumu hakuona hata moja.

Hakuna lori lililovuka pale. Watu waliingia kwenye hema, hawakutoka.

*

Waithira alifanya kazi kwenye shamba la kahawa, kwenye kundi la wanaopogoa matawi. Mkasi wake wa kupogolea ulikuwa mfupi, mdomo wake umepinda kama wa kasuku, na aliufunga kiunoni chini ya shuka. Ndio uliomaliza kazi kule Chania. Saa za chakula cha mchana, askari walipokuwa wakigombania sufuria, alizunguka kituo akaingia kwenye hema.

Yule mtu alikuwa amekaa peke yake na gunia lake. Hema lilikuwa safi. Hapakuwa na damu, hapakuwa na mfupa, hata alama ya mtu haikuwepo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Hakungoja salamu. Aliruka nyuma yake akamchoma mkasi kisogoni kwa nguvu zake zote. Mkasi ukapinda kama jani la mgomba, ukarudi, ukamkata yeye mwenyewe kiganjani.

Mtu wa gunia hakugeuka. Hakuwa na haja. Sauti ilitoka kisogoni, nene, ya mtu anayezungumza na chakula mdomoni.

"Umekosa adabu, binti. Unaingia kwa mwenyeji hata hodi hupigi?"

"Wewe si mwenyeji hapa."

"Mimi nimepewa." Likatoa mkono wa kushoto chini ya gunia, likanyoosha vidole. Vilikuwa virefu, vyeusi, vinavyong'aa kama pembe ya ng'ombe. Likachezesha kile kidole cha mwisho, kidogo. "Kijiji chenu kiko hapa. Nimekaa kwangu, nakula changu. Chuma hakimkati mtu akiwa kwake."

"Ni nani alikupa?"

"Muulize anayependa ugoro." Kinywa kile kikacheka, na nzi wakaingia na kutoka pamoja na kicheko. "Sasa nenda. Mimi sili mtu nje ya mstari, mimi nafuata sheria. Kesho ni zamu ya wanawake. Nitakuona, na nyanya yako nitamwona."

Waithira alitoka akitembea polepole, kwa sababu alijua akianza kukimbia hatasimama.

*

Katika kijiji kizima, anayependa ugoro kupita mtu yeyote alikuwa mmoja.

Cucu Waceke alikuwa amekaa karibu na moto, anachambua maharagwe kwa vidole vinavyojua njia vyenyewe. Aliposikia hatua hakuinua macho.

"Kitendawili!" alisema.

"Cucu, si sasa."

"Msichana asiyeitikia kitendawili atazeeka bila meno. Kitendawili!"

"Tega," alisema Waithira, kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda Cucu kwa kukataa.

"Wanangu walivaa nyekundu, nikawavua, nikawaosha, wakanikimbia kwenda Ulaya."

"Ni kahawa. Cucu, Bedan ameliwa."

Maharagwe yakaacha kuanguka kwenye ungo.

Waithira alimwambia yote: nzi, daraja, mkasi, kidole. Alipofika kwenye maneno "nimepewa", bibi alianza kutafuta kichupa chake cha ugoro kwenye kifua, akakipata, akakiangalia, akakirudisha bila kunusa.

"Kuna mtu alikuja pale mtoni," alisema mwishowe. "Kabla ya mvua. Mwenye kofia kubwa. Alikuwa na ugoro mzuri, wee, ugoro wa Murang'a wenye magadi kidogo. Akanipa wa bure. Akasema, nimesikia wewe ndiwe mama wa vitendawili. Sasa mimi ningesema nini? Ningesema siye?"

"Akakutegea."

"Akanitegea. 'Nikisema ndiyo sifungui mdomo, lakini mtu hulia.' Nikafikiri mpaka maji ya mtungi yakapata joto. Kulthum alikuwepo, yule wa Majengo ya Thika anayetuletea mafuta na sukari, muulize. Nikasema ni mlango, nikasema ni jembe, nikasema ni mkunga. Kote nimekosa. Mimi, Waceke!" Ilionekana kwamba hata sasa kushindwa huko kunamuuma mahali pake, mbali na mengine. "Jibu lilikuwa kichwa. Kichwa kinachotikiswa."

Waithira alihisi nywele zikimsimama. Lilikuwa limewaambia kazi yake kabla halijaanza, nao hawakuelewa.

"Na ulipokosa akasema nipe mji," alisema. "Cucu. Ulimpa mji gani?"

Hapa nikukumbushe, ingawa umecheza tangu utoto. Ukishindwa kitendawili, unamlipa mwenzako mji. Watu hutoa Mombasa, hutoa Kampala, hutoa Ulaya. Mji wa mbali ambao hauli chakula chako. Hakuna mtu duniani anayetoa kwake.

"Usiniangalie hivyo," alisema Cucu Waceke. "Kwani hapa ni kwangu? Kwangu kulichomwa. Kwangu kulikuwa na mikuyu miwili na kaburi la guka, babu yako. Nililetwa hapa na mtutu wa bunduki mgongoni, nikachimbishwa mtaro na miaka yangu hii, nikapewa kibanda chenye namba. Hata kijiji chenyewe hawakukipa jina, Namba Saba tu! Huyo mtu aliponiambia nipe mji, nikatema mate nikasema, chukua hii Namba Saba yao, chukua na mtaro wake, siitaki hata bure." Sauti ikamkatika. "Nilisahau kuna watu ndani."

Moto ulipasua kijiti. Mahali fulani mtoto wa jirani alikuwa akilia na mama yake akimnyamazisha haraka haraka.

Waithira alitaka kukasirika, hasira haikuja. Aliiona mikono ya nyanya yake, makovu ya jembe la mtaroni bado ni mapya kwenye viganja. Alivuta kigoda akakaa.

"Mji uliotolewa kwa kitendawili hurudi kwa kitendawili," alisema. "Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo. Na zimwi haliwezi kukataa likiambiwa kitendawili. Ni kama mimi na ugoro. Lakini Waithira, hilo ni zee. Limesikia vyote. Nyumba isiyo na mlango, shamba lisilo na njia, vyote! Likijibu, wewe ndiwe utakuwa umeshindwa, na halitakudai mji."

"Basi tunataka ambacho zimwi linalijua jibu lake."

"Unaumwa?"

"Tunataka ambacho jibu lake linalijua kupita mtu yeyote, na haliwezi kulisema mbele ya watu."

Bibi aliweka ungo chini. Kisha, taratibu, akachukua tena kichupa chake, na safari hii akanusa.

*

Asubuhi wanawake walipangwa.

Bwana wa kituo alikuwa ameenda Thika kwa shughuli zake, akawaachia Githinji na wenzake kazi. Ukungu ulikuwa bado umekalia mapaa. Kulthum wa Majengo alikuwa amefika mapema na mitungi yake ya mafuta, naye akasukumwa kwenye mstari kama wengine.

"Mimi nimekuja kuuza mafuta!" alilalamika. "Mimi ni mtu wa Thika, Githinji, mwambie huyo mwenye gunia asinitikisie. Nilikukopesha sukari, wewe!"

"Nyamaza, mama."

"Sukari robo ratili!"

Wanawake wawili walicheka, kisha wakaona wamecheka, wakanyamaza.

Mstari ulianza kusonga. Waithira alikuwa mbele ya Cucu, Kulthum nyuma yao. Kila mwanamke aliyepita salama alitoa pumzi kama mtu aliyetua kuni. Waithira alihesabu waliobaki mbele yake, akaacha, akaanza tena bila kupenda. Kiganja chake kilichokatwa kilidunda. Alikuwa na kitendawili kimoja tu. Walikitengeneza jioni nzima, wakakipima kama unavyopima yai kwenye mwanga. Lakini kilikuwa na tundu moja ambalo hawakuweza kuliziba: mtu yeyote anayesikia kitendawili ana haki ya kujibu. Mtu yeyote. Jibu likitolewa na mtoto, kitendawili kimekufa, na zimwi halidaiwi kitu.

Akafika mbele ya kiti.

Matundu mawili yakamtazama. Aliona gunia likianza kuinama.

"Kitendawili!" alisema Waithira, kwa sauti kubwa kiasi kwamba kuku walikimbia.

Gunia likasimama njiani. Githinji alifungua mdomo. "Wewe msichana, una wazimu? Hapa ni..."

"Tega," lilisema gunia.

Neno lilitoka mbele, na mara moja likatoka tena nyuma, kama mwangwi wenye njaa. Githinji alirudi nyuma hatua.

"Nyumba yangu ina milango miwili," alisema Waithira. "Mmoja, mwenye nyumba hajauona tangu azaliwe."

Nzi wakaruka wote, hawakutua. Alijua papo hapo kwamba limejua. Mabega yaliyokuwa ndani ya gunia yalikaza. Kisogoni kitambaa kilianza kusukumwa kutoka ndani, kikivimba na kunywea, kwa sababu kinywa cha nyuma kina kiburi, kimefichwa maisha yake yote, na sasa kinasikia kinatajwa. Kilitaka kusema *ni mimi*. Mkono wa zimwi ukapanda haraka ukakibana.

Lakini watu nao wamesikia kitendawili. Na watu wa Namba Saba, ambao kwa miezi hawakuwa wamecheza chochote, hawakuweza kujizuia.

"Ni pua!" alisema mama mmoja kutoka nyuma.

"Pua unaiona ukikodoa macho," mwingine akamjibu. "Ni sikio."

"Masikio ni milango miwili tayari."

"Ni msikiti!" alisema Kulthum. "Wanawake tunaingilia nyuma, shehe haoni."

"Ni hiki kituo," alisema ngati mmoja, akasahau kabisa bunduki yake imeelekea mguu wake. "Bwana hajawahi kuona ule uwazi nyuma ya jiko. Watu wanapitisha maziwa kila siku!" Wenzake wakamwangalia, akafumba mdomo.

Waithira alisimama jasho likimteremka mgongoni katika baridi ile. Kila jibu lilikuwa kama jiwe linalotupwa gizani karibu na kichwa chake. Na hatari kubwa zaidi ilikuwa nyuma yake kabisa. Cucu Waceke alikuwa analijua jibu. Cucu Waceke, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikia kitendawili akaacha kukijibu, hata kanisani, hata kwenye matanga. Waithira alisikia koo la bibi likikoroma. Akageuka kidogo. Bibi alikuwa amejaza shuka mdomoni, ngumi nzima, machozi yakimtoka.

"Ni mahali pa nyuma," alisema yule mama wa pua, sasa polepole, akifikiri. "Mwenye nyumba ni mtu. Mahali pa nyuma pa mtu ambapo hajioni. Ni mgongo... hapana, mlango... ni ki—"

"Umeshindwa?" Waithira alilipigia zimwi kelele. "Sema! Umeshindwa?"

Likatetemeka. Likijibu, kila mtu pale atajua ni nini kimekaa kwenye kiti kile, na hakuna mstari utakaosimama tena mbele yake. Lisipojibu, basi.

"Nimeshindwa," kilisema kinywa cha mbele.

"Nipe mji."

"Chukua Juja."

Ilitoka haraka mno. Watu wa kawaida hutoa Mombasa. Waithira alitazama mkono wa kushoto, ambao ulikuwa umejisahau juu ya goti, na akaona kidole cha kati kikilegea, kikigeuka kutoka weusi wa pembe kuwa nyama. Ndipo alipoelewa. Haliwezi kutoa mji lisio nao. Juja ilikuwa yake. Mahali fulani Juja mtu mwingine aliyeshindwa na kitendawili alitema mate kama Cucu.

Kuna watu huko. Wanachuma kahawa kama wao, wanapangwa mstari kama wao.

"Juja siitaki," alisema. Kidole kikawa cheusi tena.

"Chukua Mugutha."

Mugutha alikuwako tata yake, dada wa mama yake, aliyemfundisha kusuka vyondo, na watoto wake wadogo. Waithira alifungua mdomo. Zimwi likainamisha kichwa kidogo, kwa upole, kama mwenye duka anayeona mteja ameshika kitambaa chenyewe. Lilijua. Mji mmoja kwa kitendawili kimoja. Akisema ndiyo kwa Mugutha, Namba Saba itabaki kidoleni.

Nyuma yake bibi alitoa shuka mdomoni. Hakusema jibu. Alisema jina la Bedan tu, kwa sauti ya chini, kama anavyomwita chakula kikiwa tayari.

"Mugutha siitaki," alisema Waithira, machozi yakimwanguka. "Nataka huu niliosimama juu yake."

Kinywa cha nyuma kililia, mlio wa mbwa aliyekanyagwa.

"Chukua Namba Saba," lilisema zimwi.

"Nimechukua. Nilienda Namba Saba, nikawakuta wenyewe wako ndani, nikawaacha hivyo hivyo." Ndivyo ilivyo desturi: ukipewa mji, unasema ulichofanya huko, kisha unatoa jibu. "Na jibu, nyinyi nyote sikieni, jibu ni kinywa cha kisogoni!"

"NDIYO!" kilipiga kelele kinywa kile, kwa furaha ya kutajwa, kikapasua gunia kutoka ndani. Meno yalionekana, na ulimi mrefu wenye nzi.

Nikuambie watu walikimbia? Mstari ulipasuka kama mtungi. Githinji aliangusha bunduki akakanyaga koti lake akaanguka. Ni Kulthum peke yake aliyebaki, si kwa ushujaa, mguu wake ulikuwa umenasa kwenye kamba ya mitungi, naye alilimwagia lile zimwi mafuta ya kula machoni akiomba msamaha kwa Mungu kwa hasara hiyo.

Waithira aliruka akashika mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa nyama sasa, laini, chenye joto. Alikinyoosha vizuri kama alivyozoea kunyoosha tawi la mbuni, akaweka mdomo wa mkasi kwenye kiungo, akabana.

Kidole kilianguka kwenye tope, kidogo kama njugu. Kikapasuka. Akatoka mzee wa kanisa akipepesa macho. Akatoka Muigai fundi, bado ameshika randa yake. Kisha kikaanza kukohoa, na Waithira akapiga magoti hata kabla hajaliona lile koti la kahawia lisilo na kifungo cha juu.

Zimwi lilikwisha kukimbia. Liliruka mtaro pamoja na miti yake yote, likaingia kwenye mibuni upande wa pili, na mara ya mwisho walipoliona, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekumbatiwa kifuani, vidole vilivyobaki vimefungwa ngumi.

*

Mchana ule Bedan alikunywa uji vibuyu viwili akalala. Githinji alikuja mara mbili kuchungulia kama kweli ni yeye, na mara ya pili alileta sukari robo ratili, akasema ni ya Kulthum, wampe akipita tena.

Waithira alikaa nje akisugua mkasi kwa majivu. Haukuwa unasafika, au ulikwisha safika zamani na hakuona.

Cucu Waceke alitoka akakaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza hakusema kitendawili.

"Uliikataa miji mingapi?" aliuliza.

"Miwili, Cucu."

"Niliisikia. Nilitaka nijifanye sikuisikia." Bibi aliweka mapajani mwa mjukuu kifurushi cha viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwa jani la mgomba, bado vina moto. "Ukipita kwenye mibuni, Mugutha si mbali. Tata yako amelelewa na mimi. Akisikia kitendawili hawezi kunyamaza."

"Najua."

"Basi fika kabla lile halijampanga mstarini."

Githinji alikuwa zamu darajani. Alimwona Waithira akija na shuka lake na mkasi kiunoni, bila pasi ya kutoka kijijini, na saa zilizoruhusiwa za kutembea karibu zinaisha. Aliangalia angani kama mtu anayetafuta mvua. Aliangalia hivyo mpaka msichana alipopita.

Waithira aliharakisha. Jua lilikuwa limetoka mawinguni, kahawa zilikuwa nyekundu pande zote mbili za njia, na mbali watu walikuwa wanaimba kazini kama siku yoyote. Alitazama kila kitu kilichomkuta njiani: kigogo, mchwa, kivuli chake mwenyewe, mwanamke aliyebeba maji bila kushika mtungi. Alikitazama kila kimoja akakipindua kichwani, akakitupa. Kile kitendawili cha milango miwili kilikwisha. Jibu lake sasa linajulikana mpaka na kuku wa Namba Saba. Alihitaji kingine, kipya, ambacho hakuna sikio lililokisikia.

Mapaa ya kwanza ya Mugutha yalianza kuonekana juu ya miti, na bado hakuwa nacho.